Mganga Asiye na Jina: Sisi na Sinema za Mwituni



Jumamosi moja ya majira ya baridi tulikusanyika familia kadhaa katika nyumba ya mmoja wetu hapa Upper Marlboro, theluji ikiwa imefunga njia ndogo zinazotoka barabara ya 301. Chai ya tangawizi ilikuwepo, mandazi yalikuwepo, na watoto, kama kawaida yao, walikuwa chini kwenye besimenti wakigombea runinga. Katika kasha la diski kuukuu ambalo mwenye nyumba alilinunua kwa jirani aliyekuwa akihama, mmoja wao akaibuka na filamu ambayo juu ya jalada lake palikuwa na mwanamke mwenye nywele za dhahabu amepanda punda milia. Jina lake ni "Sheena", ya mwaka 1984. Tuliposikia kwamba ilipigwa Kenya, hata sisi wakubwa tukashuka ngazi na vikombe vyetu mkononi.

Hazikupita dakika nyingi, kijana wa miaka tisa akaangua kicheko. "Yule si punda milia! Ni farasi amepakwa rangi!" Alikuwa amesema kweli. Watoto wa Upper Marlboro wanawajua farasi, kwa kuwa hapa mjini kuna uwanja mkubwa wa farasi wa kaunti, uliojengwa mahali palipokuwa na uwanja wa mbio za farasi tangu zamani. Nchi ya Kenya ina punda milia wasiohesabika, lakini punda milia hakubali kupandwa kirahisi, basi wenye filamu wakachukua farasi, wakamchora mistari, wakampeleka mbele ya kamera. Tulicheka sana.

Kicheko kilipotulia, binti mmoja akauliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Alimgeukia mzee aliyekuwa amekaa karibu naye akasema, "Babu, na yule mama aliyemlea Sheena anaitwa nani?"

Tulisubiri jina litajwe. Mama yule, mwenye uso wa heshima na sauti ya kujiamini, aliokota mtoto yatima wa Kizungu, akamlea, akamfundisha kusema na wanyama, akatiwa gerezani kwa kosa asilolitenda, akafa. Hakuna aliyemwita kwa jina. Mwishoni, majina yalipopita, nafasi yake iliandikwa "Shaman", yaani mganga, basi. Ila jina la mwigizaji lilikuwepo: Princess Elizabeth of Toro.

Mzee yule, ambaye kwao ni Fort Portal magharibi mwa Uganda, aliweka kikombe chini. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo ni Akiiki. Alikuwa balozi wetu hapa hapa Washington. Pasipoti yangu ilitoka kwenye ofisi yake."

Besimenti nzima ikanyamaza.

Sinema za daraja la pili

Kwanza tuelezane ni filamu za aina gani tunazozizungumzia. Huko Marekani katika miaka ya 1930, majumba mengi ya sinema yalikuwa yakionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa ya gharama na waigizaji wenye majina. Ya pili, iliyoitwa ya daraja la B, ilitengenezwa kwa fedha kidogo na kwa haraka, mara nyingi kwa nguo na mandhari zilizokwisha kutumika kwingine. Baadaye utaratibu wa filamu mbili ulikufa, lakini jina likabaki kwa kila filamu ya vituko isiyo na makuu: watu wa mapango, miji iliyopotea, hazina, wachawi na malkia wa mwituni.

Sisi wengine tulikua nazo. Aliyekulia Dar es Salaam atakumbuka Empire, Avalon na New Chox. Wa Nairobi anaikumbuka Globe, na wa Unguja ana kumbukumbu zake za Majestic. Waliozaliwa baadaye walizipata kwenye mabanda ya video, kwenye viti vya mbao na joto la kukata na shoka. Sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Tulimshangilia Tarzan akiruka kwa kamba, na wale watu weusi waliokuwa wakikimbia huku na huku nyuma yake hatukuwahesabu kuwa ni sisi. Frantz Fanon, daktari na mwandishi wa Martinique, aliliona jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1952: kijana mweusi wa visiwani humwangalia Tarzan akajiona ni Tarzan, lakini akimwangalia akiwa Ulaya, kati ya Wazungu, hugundua kwamba wenzake ukumbini wanamhesabu pamoja na wale wa nyuma.

Ndivyo ilivyotukuta sisi. Tulipokuwa kwetu tulikuwa stelingi. Tulipofika ughaibuni tukaambiwa, pasipo maneno, nafasi yetu ni ipi katika picha.

Mtu wa kubeba bunduki

Habari yenyewe ina umri wa karibu karne moja. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke Afrika Mashariki na msafara mkubwa wa watu na mitambo kupiga "Trader Horn", iliyotoka mwaka 1931. Kitabu kilichozaa filamu hiyo kinahusu maisha ya mfanyabiashara Mwingereza katika pwani ya magharibi, upande wa Gabon. Wenye filamu hawakuona tatizo kuihamishia kwetu. Kwao Afrika ilikuwa moja tu, kama duka ambalo mlango wowote utakaoingilia utakufikisha ndani.

Kiini cha hadithi ni msichana wa Kizungu aliyepotea utotoni akakua kati ya Waafrika, nao wakamfanya mungu wao. Mwigizaji wake, Edwina Booth, aliugua vibaya kutokana na safari ile na akaishtaki kampuni. Ila tunayetaka kumtaja hapa ni mwingine. Mtu wa kubeba bunduki wa Trader Horn aliigizwa na Mkenya aitwaye Mutia Omoolu. Alisafirishwa hadi Hollywood kumalizia sehemu zilizobaki, jambo ambalo kwa mwafrika wa enzi ya ukoloni lilikuwa kama kupelekwa mwezini. Katika filamu anafanya anachotakiwa kufanya mtu wa aina yake: anakuwa mwaminifu, kisha anakufa ili bwana wake apone.

Vipande vya picha vilivyobaki havikutupwa. Mwaka uliofuata, 1932, MGM ilivitia ndani ya "Tarzan the Ape Man", filamu iliyomfanya Johnny Weissmuller ajulikane dunia nzima. Huo ukawa mtindo. Ng'ambo ya mto, ngoma, viboko na watu waliopigwa picha mara moja huko kwetu waliendelea kutumika miaka na miaka katika filamu ambazo hawakuzijua, zikisimulia habari ambazo hawakuulizwa. Filamu 12 za "Bomba", kijana wa mwituni (jina ambalo kwetu ni la kupitishia maji), zilizotoka kati ya 1949 na 1955, zilitengenezwa California na kujazwa vipande vya kale vya wanyama wa Afrika.

Nani basi walikuwa "Waafrika" katika filamu hizo za California? Walikuwa Wamarekani Weusi. Woody Strode, aliyecheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Los Angeles Rams mwaka 1946 wakati ligi hiyo ilipokuwa ikianza tena kuwapokea weusi, alivikwa ngozi na kupewa mkuki katika filamu za Bomba. Dorothy Dandridge, ambaye baadaye angependekezwa kwa tuzo ya Oscar, alikuwa malkia wa kabila la kubuni katika "Tarzan's Peril" ya 1951, filamu ambayo sehemu yake ilipigwa Kenya. Tunalisema hili kwa sababu sisi wa kaunti ya Prince George's tunaishi kati ya ndugu hao. Wengi wa majirani zetu ni Wamarekani Weusi, na mara nyingine mtoto wetu anaporudi shuleni analia kwamba ameitwa "wa mwituni", aliyemtania ni mtoto mweusi kama yeye. Tukasirike, lakini tujue pia kwamba kejeli hiyo haikutoka kwa bibi zake. Bibi zake nao walivikwa ngozi zile zile.

Watu wa kujaza picha

Kuna jina moja ambalo huwa halitajwi katika mazungumzo haya. Mwaka 1935 ilitoka London filamu iitwayo "Sanders of the River", ya kumsifu mtawala Mwingereza wa huko Afrika Magharibi. Stelingi mweusi alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mwenye sauti nzito, ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa akijifunza Kiswahili katika chuo cha lugha mjini London. Kati ya watu wa kujaza picha, waliovikwa kama machifu wadogo, alikuwemo Mkikuyu mmoja mwenye kipaji cha kusema. Alikuwa amekwenda Uingereza kuiwakilisha Kikuyu Central Association katika madai ya ardhi. Maisha ya London yalikuwa magumu, na kazi ya siku chache studio ilikuwa na ujira. Mtu huyo ni Jomo Kenyatta.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu yule yule, katika mji ule ule, alikuwa mwakilishi wa watu wake mbele ya wenye dola, na mbele ya kamera alikuwa chifu asiye na jina katika nchi isiyo yake. Mwaka 1963 alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya huru, na 1964 Rais. Filamu ile bado ipo, na anayeitazama bila kuambiwa hawezi kujua ni nani amesimama pale.

Baada ya vita vya pili, kampuni zilirudi Afrika Mashariki kwa wingi. "King Solomon's Mines" ya mwaka 1950 haikuwa ya daraja la B. Ilikuwa ya gharama na ilipata tuzo mbili za Oscar. Lakini vipande vyake vilikuja kutumika katika "Watusi" ya mwaka 1959, ambayo kwa hakika ilikuwa ya daraja hilo. Tazameni namna majina yalivyoandikwa katika ile ya 1950. Mnyarwanda aliyeigiza mfalme aliyepotezwa aliandikwa "Siriaque wa kabila la Watussi", na Mkenya mwenzake "Kimursi wa kabila la Kipsigi". Waliandikwa kwa jina moja moja na kabila. Hatukuona mahali palipoandikwa "Stewart wa kabila la Waingereza", ingawa Stewart Granger naye alikuwa na kwao.

Lugha yetu nayo iliingia sinema kwa mtindo huo huo, vipande vipande. Mwaka 1952 ilitoka "Bwana Devil", filamu ya kutazamwa kwa miwani maalumu, juu ya simba waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Sehemu kubwa ya Tsavo hiyo ilikuwa California. Mwaka 1953 ikaja "Mogambo". Tumelitafuta neno hilo kwenye kamusi zetu tukapata mgambo, na kwa hakika Clark Gable hakuwa mgambo. "Hatari!" ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, angalau ilitumia neno lenye maana yake. Hata ilipokuja "Return of the Jedi" mwaka 1983, kiumbe mmoja wa kutoka sayari nyingine alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa California, Kipsang Rotich, naye akasema Kikikuyu. Watu wa Kiambu walielewa, dunia nyingine ikasikia kelele za ajabu. Tulijivuna, kwa nini tufiche? Lakini ni fahari yenye mchanga ndani yake. Lugha ya mama wa watu ilichukuliwa kwa kuwa wasikilizaji waliokusudiwa wasingeijua.

Akiiki

Sasa turudi kwa yule mama wa besimenti.

Sheena mwenyewe ni wa zamani. Alionekana katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1938, akawa kipindi cha runinga mwaka 1955, na mwaka 1984 kampuni ya Columbia ikamletea filamu yake, ikiongozwa na John Guillermin, ambaye alikuwa amekwisha kuongoza Tarzan mara mbili. Fedha zilizotumika zilikuwa za daraja la kwanza, ila hadithi ilikuwa ile ile ya mwaka 1931: msichana mweupe anayekua kati ya weusi na kuwa mkuu wao. Mandhari ni ya Kenya, milima ni ya Kenya, tembo ni wa Kenya, lakini nchi inaitwa Tigora na kabila linaitwa Zambouli. Hakuna hata kimoja kilichopo. Filamu ilianguka vibaya sokoni na ikapendekezwa mara tano kwa tuzo za kejeli wanazopewa walioharibu kazi.

Na mganga? Elizabeth Bagaaya alizaliwa mwaka 1936, binti wa Omukama wa Toro. Alisoma Gayaza, kisha Uingereza, akaingia chuo cha Girton, Cambridge. Mwaka 1965 alikubaliwa kuwa wakili Uingereza, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kufikia hatua hiyo. Kaka yake alipokalia kiti cha ufalme yeye akawa Batebe, dada rasmi wa mfalme, cheo chenye uzito katika mila za Toro. Mwaka 1967 Milton Obote akafuta falme za Uganda. Wakati huo Elizabeth alikuwa ameingia katika kazi ya mitindo ya mavazi, akionekana katika magazeti makubwa ya London na New York. Aliigiza katika filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 alimfanya balozi wa kuzunguka, na mwaka 1974 Waziri wa Mambo ya Nje. Alisimama Umoja wa Mataifa kuisemea nchi yake. Kabla mwaka huo haujaisha Amin alimfukuza kazi na kumchafulia jina kwa uzushi. Magazeti yaliyouchapa uzushi huo aliyashtaki, akayashinda. Mwaka 1975 alitoroka akavuka kuingia Kenya.

Huyo ndiye mganga asiye na jina. Wakili, waziri, mkimbizi, na binti wa mfalme, alivikwa vazi la kubuni akasimama katika nchi ya kubuni, akimwambia msichana wa Kimarekani kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa.

Kuna jambo ambalo mzee wa Fort Portal alitueleza usiku ule, nalo linatusumbua hadi leo. Batoro, kama majirani zao Wanyoro, wana desturi ya empaako. Mtoto akizaliwa, mbali na jina lake, hupewa jina la heshima kutoka katika orodha fupi ya majina 12, na moja kati ya hayo ni la mfalme. Kwa jina hilo ndilo anasalimiwa maisha yake yote. Mkikutana njiani humsalimii mtu kabla ya kujua empaako yake. Unauliza kwanza. Mwaka 2013 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya mila za dunia zinazohitaji kulindwa haraka. Empaako ya Elizabeth ni Akiiki. Kwao, hata mchunga mbuzi hasalimiwi bila jina. Hollywood ilimpa nafasi nzima, kuanzia mwanzo hadi kifo, na hakuna mhusika hata mmoja aliyeona haja ya kumuuliza anaitwa nani.

Uwakilishi wa aina mbili

Miaka miwili tu baada ya filamu ile, mwaka 1986, Yoweri Museveni alishika madaraka Kampala, na Elizabeth akateuliwa kuwa balozi wa Uganda nchini Marekani. Alikaa Washington hadi mwaka 1988. Ubalozi wa Uganda uko Mtaa wa 16, upande wa kaskazini-magharibi, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa kwetu kama foleni ya magari itakuhurumia. Na Rais wa Marekani miaka hiyo alikuwa nani? Ronald Reagan, mtu aliyeingia Hollywood mwaka 1937 na kujijengea jina katika filamu za daraja la B! Mji mmoja ukawa na rais na balozi waliotoka kwenye sinema za aina moja. Tofauti ni kwamba yeye huko alikuwa akicheza stelingi.

Lugha yetu hapa imetuwekea mtego wenye hekima. Tunasema "uwakilishi" tunapozungumzia nani anaonekana katika filamu na namna anavyoonyeshwa. Na tunasema "mwakilishi" tunapomtaja balozi au mbunge. Neno ni moja. Lakini mwakilishi wa pili ametumwa. Ana hati, ana waliomtuma, na akikosea wanaweza kumrudisha nyumbani. Mganga wa Tigora hakutumwa na mtu. Hata hivyo, walioiona filamu ile hapa Marekani ni wengi kuliko waliowahi kusikia hotuba ya balozi wa Uganda. Kwa hiyo ni yupi aliyetuwakilisha zaidi?

Hatumlaumu Elizabeth, kama tusivyomlaumu Kenyatta, wala Mutia Omoolu, wala yeyote wa kwetu aliyepokea ujira wa siku kwa kukimbia mbele ya kamera. Mkono mtupu haulambwi. Sisi wenyewe tuliofika hapa na shahada zetu tukaanza kwa kulinda magari ya watu usiku tunajua kwamba kazi si utu wa mtu. Tunachosema ni kwamba deni limebaki, na deni hilo ni la majina.

Ubishi wa besimenti

Usiku ule haukwisha kwa makubaliano. Dada mmoja alisema waziwazi, "Takataka hizi za nini? Mwanangu ameulizwa darasani kama kwetu kuna nyumba. Mnataka nami nimwekee Sheena?" Ana haki, na hatukuwa na jibu la haraka. Wengine walisema siku hizi mambo yamebadilika: mwaka 2016 "Queen of Katwe" ilipigwa Kampala, ikasimulia habari ya msichana wa kweli, Phiona Mutesi, na mtaa wake ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 2018 "Black Panther" iliwaweka Lupita Nyong'o na wenzake katikati ya picha, na watoto wa kaunti hii walikwenda kuitazama wamevaa vitenge. Kwa nini basi kufukua ya kale?

Mzee wa Fort Portal ndiye aliyetukumbusha jambo ambalo tulilijua tangu zamani tukalisahau. Huko kwetu hatukuwahi kuziacha filamu za wageni zituseme zenyewe. Dar es Salaam alikuwepo Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, akizitia filamu za nje maneno ya Kiswahili. Kampala yupo VJ Jingo kwa Kiganda, na Nairobi DJ Afro. Watu hawa hawatafsiri tu. Wanampa adui jina la mtaani, wanamkaripia stelingi akifanya ujinga, wanamweleza mtazamaji yule aliyesimama nyuma ni nani na anafikiri nini. Filamu inatoka Hollywood au Hong Kong ikiwa imekamilika, na inafika kwetu ikaanza upya. Huo nao ni uwakilishi, na tuliufanya kwenye mabanda ya mabati bila kungoja ruhusa ya mtu.

Basi tumeamua hivi. Dada yule hatalazimishwa, na watoto wadogo hawatawekewa filamu hizi peke yao. Lakini wale wakubwa watazitazama pamoja nasi, na mmoja wetu atakuwa na kazi ya kusimulia. Farasi akionekana, tutasema ni farasi. Gabon ikiitwa Kenya, tutasema ni Gabon. Na kila mtu wetu atakapopita mbele ya kamera, kama jina lake linajulikana, tutalitaja kwa sauti: Mutia Omoolu. Siriaque. Kimursi. Kenyatta, mwakilishi wa wenye ardhi. Elizabeth Bagaaya Akiiki, wakili na balozi.

Wengi zaidi majina yao hatunayo, na hapa ndipo tunapowaomba nyinyi, ndugu wasomaji. Wapo kati yenu ambao baba au mjomba alipika chakula cha msafara wa filamu Amboseli, aliendesha lori Arusha, au alisimama na mkuki siku nzima juani akalipwa jioni. Wazee hao wanatutoka mmoja mmoja. Wapigieni simu Jumapili hii. Waulizeni ilikuwa filamu gani, mwaka gani, walilipwa nini, na walikuwa na nani. Andikeni majina hayo, hata kama ni kwenye karatasi ya friji, mtuletee tuyachape katika kurasa hizi. Mtoto wa Upper Marlboro akiuliza tena yule wa nyuma ni nani, awepo wa kumjibu.

Diski ya "Sheena" bado ipo kwenye kasha. Binti aliyeuliza swali aliomba kalamu kabla ya kwenda kulala, akabandika karatasi nyeupe juu ya jalada, chini ya kwato za yule farasi wa mistari, akaandika kwa herufi kubwa: AKIIKI YUMO HUMU.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.